Nasaba Baina ya Nyaraka, Ushahidi na Vinasaba: Uhakiki wa Kitabu cha Annette Gordon-Reed juu ya Watoto wa Monticello

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na maji kisha akawajaalia kuwa na nasaba na ukwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika zama zetu watu wengi wamekuwa wakitafuta mababu zao kwa njia mbili: kwa kufukua madaftari ya kale, na kwa kutoa mate au damu ili vipimwe vinasaba, yaani DNA. Jambo hili limeingia hata katika nyumba za Waislamu, na maimamu wanaulizwa juu yake. Katika kulitazama, hakuna mfano uliochunguzwa kwa marefu na mapana kama ule wa Marekani unaomhusu Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 na rais wa tatu wa nchi hiyo (1801-1809). Huyu ndiye ambaye nakala yake ya tarjuma ya Qur'ani ya George Sale ilitumiwa na Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, kuapia mwezi Januari 2007. Bwana huyu aliyeandika juu ya usawa wa wanadamu alimiliki mamia ya watumwa katika shamba lake la Monticello, jimbo la Virginia. Kwa takriban miaka mia mbili watu walizozana: je, watoto wa mjakazi wake Sally Hemings ni wake au si wake?

Kitabu tunachokihakiki hapa ni *Thomas Jefferson and Sally Hemings: An American Controversy*, kilichotolewa mwaka 1997 na Annette Gordon-Reed, mwanasheria na mwalimu wa sheria. Kilitoka mwaka mmoja kabla ya kipimo cha vinasaba cha 1998. Tumekichagua kwa sababu njia yake ya kupima habari inakaribiana mno na ile ya wanazuoni wetu wa hadithi, ingawa mwandishi si Mwislamu wala hakukusudia hivyo. Na tumekichagua pia kwa sababu yaliyotokea baada yake yanatufunza mpaka wa kila dalili: nini nyaraka zinaweza kusema, nini vinasaba vinaweza kusema, na nini ni cha kadhi peke yake kusema.

Asili ya mgogoro

Sally Hemings alizaliwa mwaka 1773. Mkewe Jefferson, Martha Wayles, alifariki mwaka 1782, na Jefferson hakuoa tena. Kwa mujibu wa habari za familia ya Hemings, Sally alikuwa binti wa John Wayles, babake Martha, kwa hiyo alikuwa ndugu wa baba mmoja na mke wa bwana wake. Mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, alimsindikiza binti mdogo wa Jefferson kwenda Paris, ambako Jefferson alikuwa balozi. Walirejea Virginia mwaka 1789. Watoto wake waliokua hadi utu uzima ni wanne: Beverly (1798), Harriet (1801), Madison (1805) na Eston (1808).

Aliyelitangaza jambo hili gazetini kwanza ni James Callender, mwaka 1802. Mtu huyu kwanza alikuwa mfuasi wa Jefferson, kisha akataka cheo, akanyimwa, akageuka adui. Kwa mizani ya wanazuoni wetu, mtu wa namna hii ana ila iliyo wazi, nayo ni uadui, na habari yake haisimami peke yake. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba kuikataa habari kwa sababu ya mpokezi si sawa na kuthibitisha kinyume chake. Abu Hurayra (r.a.) alifunzwa jambo la kweli na shetani aliyekuwa akiiba chakula cha zaka, na Mtume (s.a.w.) akambainishia kwamba yule mwongo safari ile alisema kweli. Kosa la wanahistoria wengi wa Marekani ni kwamba kwa kuwa Callender alikuwa mtu mbaya, wao waliona mlango umefungwa.

Kuwapima wapokezi

Hapa ndipo penye thamani kubwa ya kitabu. Gordon-Reed hakudai kwamba amethibitisha jambo kwa yakini. Alichokifanya ni kuweka riwaya mbili mbele ya msomaji na kuuliza: kwa nini moja ilipokelewa bila ya kuchunguzwa na nyingine ikatupwa bila ya kuchunguzwa?

Riwaya ya kwanza ni ya Madison Hemings mwenyewe. Mwaka 1873, akiwa mzee huru katika jimbo la Ohio, aliisimulia habari yake kwa mhariri wa gazeti, ikachapishwa. Alisema kwamba mama yake alishika mimba huko Ufaransa, kwamba hakutaka kurejea utumwani, na kwamba alirejea tu baada ya Jefferson kumwahidi kuwa watoto wake wataachwa huru watakapofika miaka ishirini na moja. Mtoto wa mwanzo hakuishi muda mrefu, kisha wakaja hao wanne. Mwaka huo huo mzee mwingine, Israel Jefferson, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa Monticello, aliiunga mkono habari hiyo. Wanazuoni wa hadithi wangeliita hili kuwa ni shahidi: riwaya inayopata nguvu kwa njia nyingine.

Riwaya ya pili ni ya wajukuu wa Jefferson kwa upande wa binti yake. Hao walisema kuwa baba wa watoto wale ni mmoja wa wapwa wa Jefferson, watoto wa dada yake, walioitwa Carr. Wanahistoria wakubwa waliipokea habari hii kama hakika. Gordon-Reed anaonesha kwamba ina mgongano ndani yake. Mjukuu wa kiume, Thomas Jefferson Randolph, alimtaja Peter Carr, kama alivyonukuliwa na mwanahistoria Henry Randall katika barua ya mwaka 1868. Dada yake Ellen Coolidge, katika barua yake ya mwaka 1858, alimtaja Samuel Carr. Ndugu wawili wa nyumba moja, habari moja, na watu wawili tofauti! Katika elimu ya hadithi riwaya kama hii, zikiwa njia zake zimelingana na haziwezi kuoanishwa, huitwa mudhtarib, nayo ni katika dhaifu.

Na lipo la ziada. Mjukuu yule yule alikiri kwa Randall kwamba watoto wa Sally walimfanana Jefferson mno, hata mmoja wao akionekana kwa mbali wakati wa magharibi angeweza kudhaniwa ni Jefferson. Kufanana, kwa hiyo, hakukuwa na mzozo. Hata wakanushaji walikukubali. Kilichobaki kilikuwa ni kukutafutia sababu nyingine.

Basi kwa nini Madison alitupwa? Mwandishi anajibu bila ya kuuma maneno: kwa sababu alikuwa mtumwa na mtoto wa mtumwa. Ilisemwa kwamba maneno yake ni ya mhariri, kwamba watu wa aina yake hupenda kujinasibisha na wakubwa, kwamba wana maslahi. Wajukuu wa Jefferson nao walikuwa na maslahi makubwa zaidi, ya kuhifadhi jina la babu yao, lakini maslahi yao hayakuhesabiwa kuwa ni tuhuma. Sheria za Virginia za zama zile hazikumruhusu mtumwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Mwandishi anatuonesha kwamba wanahistoria wa karne ya ishirini, ambao hawakufungwa na sheria hiyo, waliendelea kuifuata katika vitabu vyao.

Mwanafunzi wa hadithi asomapo ukurasa huu atamshukuru Mola wake. Maimamu wetu walipima wapokezi kwa uadilifu na kuhifadhi, si kwa rangi wala kwa utumwa. Nafi' alikuwa mtumwa wa Ibn Umar (r.a.), na sanadi ya Malik kutoka kwa Nafi' kutoka kwa Ibn Umar imeitwa silsila ya dhahabu. Ikrima alikuwa mtumwa wa Ibn Abbas (r.a.), na tafsiri imejaa riwaya zake. Ni kweli kwamba mafakihi walitofautisha baina ya riwaya na ushahidi wa mahakamani, na jumhuri hawakuukubali ushahidi wa mtumwa mbele ya kadhi, huku Mahanbali wakiukubali. Lakini tuikumbuke hadithi ya Uqba bin al-Harith (r.a.) aliyoipokea Bukhari: mjakazi mweusi alikuja akasema kuwa aliwanyonyesha yeye na mkewe. Uqba alifunga safari kumwendea Mtume (s.a.w.), na Mtume hakulipuuza neno la mjakazi yule, alimwelekeza Uqba aachane na mwanamke huyo. Wanazuoni wamekhitalifiana kama hilo ni hukumu ya lazima au ni uchamungu, lakini hakuna aliyesema kwamba neno la mjakazi ni la kutupwa tu.

Tarehe na daftari

Wanazuoni wa hadithi walikuwa na silaha nyingine dhidi ya uongo: tarehe. Mpokezi akidai kumsikia fulani, huulizwa alizaliwa lini na fulani alifariki lini. Katika suala hili tarehe zilikuwapo tele, kwa sababu Jefferson alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Daftari lake la shamba, lililochapishwa mwaka 1953, lina majina ya watumwa na miaka ya kuzaliwa kwao. Safari zake zinajulikana karibu siku kwa siku.

Randall alinukuu kwamba binti yake Jefferson aliwahakikishia wanawe kuwa Jefferson na Sally walikuwa mbalimbali kwa miezi kumi na mitano kabla ya kuzaliwa yule mtoto aliyefanana naye zaidi. Daftari zinakanusha. Dumas Malone, aliyeandika sira ya Jefferson katika majuzuu sita, alipanga ratiba ya mahali alipokuwa Jefferson, na Winthrop Jordan mwaka 1968 akaonesha jambo ambalo Malone hakutaka kulifikia: Jefferson alikuwapo Monticello takriban miezi tisa kabla ya kuzaliwa kila mtoto wa Sally, ingawa kwa miaka mingi kazi zake zilimweka mbali na nyumbani.

Kisha kuna dalili ya vitendo. Beverly na Harriet waliondoka Monticello mwaka 1822, wala hawakufuatwa. Madison na Eston waliachwa huru kwa wasia wa Jefferson, aliyefariki tarehe 4 Julai 1826. Wasia ule uliwaacha huru watu watano tu, wote wa ukoo wa Hemings, katika shamba ambalo watumwa wake wengi waliuzwa mnadani kulipa madeni. Sally mwenyewe aliachwa na binti wa Jefferson akaishi kama mtu huru hadi kufa kwake mwaka 1835. Watoto wote wa mwanamke mmoja kutoka utumwani, kama alivyosema Madison kwamba iliahidiwa: hii ni karina yenye nguvu, na mwandishi anaipa haki yake.

Kipimo cha mwaka 1998

Baada ya kitabu kutoka, Dkt. Eugene Foster na wenzake walifanya kipimo na kukichapisha katika jarida la *Nature* mwezi Novemba 1998. Ni muhimu maimamu wakifahamu vizuri, kwa sababu watu hukitaja bila ya kukielewa.

Kilichopimwa ni kromosomu iitwayo Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu kama ilivyo, kizazi baada ya kizazi. Jefferson hakuacha mtoto wa kiume katika ndoa yake. Kwa hiyo walipimwa watu watano wa kizazi cha kiume cha Field Jefferson, ami yake. Watatu wa kizazi cha kiume cha babu wa akina Carr. Watano wa kizazi cha Thomas Woodson, ambaye ukoo wake ulikuwa ukidai kwamba alikuwa mtoto wa kwanza wa Sally. Na mmoja wa kizazi cha kiume cha Eston Hemings.

Matokeo yalikuwa matatu. Kizazi cha Eston kiliafikiana na kizazi cha akina Jefferson. Hakikuafikiana na cha akina Carr. Na kizazi cha Woodson hakikuafikiana na cha Jefferson.

Basi tazama, ndugu msomaji, ni kipi hasa kilichothibiti. Riwaya ya wajukuu, iliyopokelewa kama hakika kwa zaidi ya karne moja, ilianguka kwa upande wa Eston. Riwaya ya Madison ilibaki imesimama. Zaidi ya hapo, Madison alisema kuwa mtoto wa mwanzo hakuishi, na kipimo hakikuliunga mkono dai la Woodson lililopingana naye. Lakini kipimo hakikusema kuwa baba ni Thomas Jefferson. Kilisema kuwa baba ni mwanamume wa ukoo wake. Ndugu yake Randolph alikuwa na kromosomu hiyo hiyo, na wanawe pia. Kichwa cha habari cha *Nature* kilikata shauri kuliko data yenyewe, na Foster mwenyewe alibainisha baadaye kwamba kipimo peke yake hakimtengi Thomas na ndugu zake wa kiume. Kromosomu Y ni mfano wa mjuzi wa alama anayeutambua mguu wa kabila, lakini hauoni uso wa mtu.

Ni nini basi kilichotoka kwenye kabila kwenda kwa mtu? Ni nyaraka na ushahidi ule ule uliokuwa mezani tangu zamani: ratiba, wasia, maneno ya Madison na ya Israel. Mwaka 2000 taasisi inayoisimamia Monticello ilichunguza yote kwa pamoja na kusema kuwa uwezekano ni mkubwa kwamba Jefferson ndiye baba. Mwaka 2001 jopo jingine la wanazuoni wa huko lilipinga, wengi wao wakielekea kwa Randolph. Mwaka 2018 taasisi ile ilisema inalihesabu jambo hili kuwa limekwisha kihistoria. Kwa maoni yetu hoja ya Randolph ina udhaifu wa wazi: wakanushaji walimtaja Carr kwa zaidi ya karne moja, na ni pale tu Carr alipoanguka ndipo Randolph alipopandishwa mahali pake. Anayebadilisha mshukiwa ili hukumu ibaki ile ile, huyo anatetea, hatafuti.

Mtoto wa mjakazi wa Zam'a

Hadi hapa tumesema kwa lugha ya mwanahistoria. Ama fakihi, yeye ana swali jingine. Mwanahistoria anauliza: ni nini kilitokea? Kadhi anauliza: mtu huyu anasibishwe na nani, arithi nini, na nani ni maharimu wake? Maswali haya mawili si kitu kimoja, na sunna imetuonesha hivyo katika kisa ambacho kinakaribiana kwa ajabu na cha Monticello.

Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) na Abd bin Zam'a (r.a.) walizozana juu ya mtoto wa mjakazi wa Zam'a. Sa'd alisema ndugu yake Utba alimuusia kuwa mtoto ni wake. Abd alisema ni ndugu yake, amezaliwa katika firashi ya baba yake. Mtume (s.a.w.) alimtazama mtoto akaona mfanano wa wazi na Utba. Hata hivyo alimhukumia Abd bin Zam'a kwa kanuni ya firashi. Kisha akamwamrisha mkewe Sawda (r.a.), binti Zam'a, ajisitiri mbele ya kijana huyo. Ni hadithi ya Bukhari na Muslim.

Katika kisa kimoja mna mambo mawili. Mfanano haukuvunja nasaba iliyothibiti kwa firashi. Lakini pia haukupuuzwa, bali ulizingatiwa katika ihtiyati ya Sawda. Huu ndio uadilifu wa dalili: kila moja kupewa nafasi yake, bila ya kuvuka mpaka.

Na pale pasipo na firashi inayoshinda, mfanano una uzito wake. Mtume (s.a.w.) alifurahi pale Mujazziz al-Mudliji alipoiona miguu ya Zayd na mwanawe Usama (r.a.) wakiwa wamejifunika, mmoja mweupe na mwingine mweusi, akasema kwamba miguu ile inatokana wenyewe kwa wenyewe. Mashafi na Mahanbali wamejengea hapo hukumu ya qiyafa wakati wa mzozo. Imamu Malik, katika kauli yake mashuhuri, aliitumia kwa watoto wa wajakazi. Mahanafi hawakuitumia. Na waliyoitumia waliweka sharti kwamba mjuzi huyo awe mwadilifu na ajaribiwe kwanza.

Wanazuoni wa zama zetu wamekiweka kipimo cha vinasaba karibu na mlango huu. Al-Majma' al-Fiqhi wa Rabita, Makka, katika kikao chake cha 16 mwezi Januari 2002, ulipitisha kuwa haijuzu kukitegemea kukanusha nasaba wala kukitanguliza mbele ya li'ani. Haijuzu kukitumia kwa lengo la kuhakikisha nasaba iliyokwisha thibiti kisheria. Na inajuzu kukitegemea kuthibitisha nasaba penye mzozo juu ya asiyejulikana nasaba yake, penye kuchanganyika watoto hospitalini, na penye kupotea watoto katika maafa na vita. Mwenye kuutazama uamuzi huu ataona roho ile ile ya kisa cha Zam'a.

Upungufu wa kitabu

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina upungufu ambao haifai kuunyamazia.

Kwanza, mwandishi anahoji kama wakili. Anawabana mashahidi wa upande mmoja kwa ukali, na pengine anamtazama Madison kwa jicho laini zaidi. Mpima riwaya humchunguza hata anayempenda.

Pili, katika nyongeza ya chapa ya mwanzo, barua ya Ellen Coolidge ilinukuliwa kwa kudondosha maneno katika sentensi muhimu inayohusu kuingia kwa wajakazi chumbani mwa Jefferson, na maana ikaharibika. Wakosoaji walilishika jambo hilo kwa nguvu. Wanazuoni wetu waliwajibisha muqabala, yaani kuilinganisha nakala na asili yake neno kwa neno, kwa sababu hii hii. Hoja kuu ya kitabu haianguki kwa kosa hili, lakini mtu anayejenga juu ya haki ya kila mpokezi kusikilizwa kwa maneno yake, yampasa kuwa wa kwanza kuyalinda maneno ya mpinzani.

Tatu, na hili ni letu zaidi: kitabu kinashughulika na iwapo Jefferson alikuwa baba, na hakikai sana na haki gani ubaba ule ungewapa watoto. Virginia ilikuwa na sheria tangu mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Bwana aliyezaa na mjakazi wake alizaa mtumwa wake mwenyewe, angeweza kumuuza. Katika fikihi yetu mtoto wa bwana kwa suria wake huzaliwa huru, ana nasaba ya baba yake na humrithi sawa na ndugu zake. Na mama yake huwa ummu walad, ambaye kwa kauli ya jumhuri hauzwi, na bwana akifa yu huru. Mashafi wanasema nasaba huthibiti bwana akikiri kumuingilia, isipokuwa adai kuwa baada ya hapo alimfanyia istibrai; Mahanafi wanataka akiri mtoto mwenyewe. Jefferson hakukiri lolote hadharani. Ukimya wake uliwafanya watoto wake kuwa watu wasio na baba kwa sheria, na wajukuu wa watoto hao wakaja kuomba haki yao mbele ya maabara. Mwaka 2002 jumuiya ya vizazi vya mabinti wa Jefferson, inayomiliki makaburi ya familia Monticello, ilipiga kura kutowakubali vizazi vya Hemings kuwa wanachama. Kipimo kiliwapa ukoo; hakikuwapa udugu.

Sisi na nasaba zetu

Isije ikawa tunausoma msiba wa wengine tukajiona tumesalimika. Hukumu ya ummu walad ilikuwako kwetu pwani, na ilifanya kazi: watoto aliowaacha Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria, na wakarithi ufalme wa Zanzibar. Lakini hukumu ikiwepo haimaanishi kuwa kila nyumba iliitekeleza. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa kisheria Zanzibar iliwaacha masuria nje, hadi amri ya mwaka 1909. Wako katika pwani yetu wazee waliokufa wakijua baba zao ni akina nani, na hawakutajwa katika shajara kwa sababu mama zao walikuwa watumwa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Ahzab kuwaita watu kwa baba zao. Amri hiyo inamkataza anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake, na inamkataza vilevile anayemfutia mtu baba yake.

Na kwa upande wa pili kuna wale ambao wana nasaba iliyo mashuhuri, imetajwa na watu wa mji kizazi baada ya kizazi, kisha mmoja wao anapeleka mate yake ng'ambo ili ajue kama kweli ni sharifu, au anatokea Uajemi au Hadhramaut. Huyu tunamwambia: nasaba yako imethibiti kwa shuhra, na mafakihi wameikubali shuhra katika nasaba, usiifungulie mlango ambao Majma' umeufunga. Ukoo wa Woodson unaweza kuletwa kama hoja kwamba shuhra huweza kukosea. Ni kweli, lakini shuhra yao ilikuwa ya ukoo wenyewe, na ilikuwa ikipingwa na riwaya ya Madison. Ama shuhra ya fikihi, yenyewe ni ya watu wengi bila ya mpingaji.

Tena vipimo hivi hueleweka vibaya. Kromosomu ya akina Jefferson ni ya tawi lililo nadra Ulaya, linalopatikana zaidi Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki. Wako waliokwisha kumtungia Jefferson babu wa mashariki. Watafiti walipowapima Waingereza wenye jina la Jefferson, waliwakuta wawili wenye tawi hilo hilo, wakaeleza mwaka 2007 kwamba ukoo huo huenda umekuwako Uingereza kwa muda mrefu. Tawi si nasaba, na asilimia za ramani si shajara.

Kuna na adabu ya maiti. Kizazi cha kiume cha Madison hakikupatikana hai, na ilipopendekezwa kulifukua kaburi la mwanawe William ili mifupa yake ipimwe, jamaa zake walikataa. Hatujui dini yao iliwaamrisha nini, lakini tunasema walifanya vyema. Fikihi yetu inaharamisha kufukua kaburi ila kwa dharura, na hamu ya kujua si dharura.

Hitimisho

Kitabu hiki kinafaa kusomwa na wanafunzi wetu wenye kumudu lugha yake, hususan wale wanaosoma mustalah, ili waone kwamba kanuni za kupima habari walizozihifadhi si za kuhifadhiwa tu. Mwanamke mmoja aliye mbali na elimu yetu alizitumia nyingi kati yake bila ya kuzijua majina, akamrejeshea mzee mmoja mtumwa heshima ya kusikilizwa. Mwaka uliofuata damu ikaja na kumshuhudia.

Lakini damu haikuwa ya kwanza kusema. Madison alikwisha kusema mwaka 1873, na aliyetaka kusikia angesikia. Anayengoja maabara ili amsadiki dhaifu, amekwisha kumdhulumu kabla ya matokeo kutoka. Na anayeikimbilia maabara ili aipime nasaba ambayo sheria imekwisha kuithibitisha, ameidhulumu nafsi yake na wazazi wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie nasaba zetu, atuongoze kuzirejesha haki za waliofutwa, na atujaalie uadilifu katika kusikiliza na katika kuhukumu. Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.